Nathaniel Egesa na Sefu ya Baba Yetu

Waombolezaji wenzangu, mimi ni Barasa Mulama, mdogo wake marehemu, na wengi mnajua kwamba kwa miaka tisa na nusu hatukusalimiana, lakini wazee wameamua nisome mimi wasifu wake, na mjane amekubali kwa sharti moja, kwamba nisiruke kitu.

Marehemu Nathaniel Egesa Mulama alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Funyula, mtoto wa kwanza wa Mzee Mulama, karani wa kiwanda cha pamba, na Mama Everline, akaanza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975, kisha akaenda Kisumu kujifunza ufundi wa saa, na tangu Mei 1981 alikuwa na meza yake Malaba, ambako madereva wa malori waliosubiri kuvuka mpaka walimwachia saa zao na kurudi kuzikuta zikitembea. Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Millicent Nerima, wakajaliwa Edinah, Sydney na Christine.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1991, baba alipewa sefu ya kale, ambayo nyuma ya mlango wake ina kufuli la saa, yaani saa tatu ndogo zinazotiwa ufunguo kabla ya kufunga, na mlango haufunguki hata kwa mwenye ufunguo mpaka muda uliowekwa uishe. Tulimzika baba tarehe 8 Agosti 2015, na siku ya kunyoa, wafiwa wanaponyolewa nywele na mali ya marehemu kugawanywa, tarehe 11, wazee walimpa Nathaniel sefu hiyo kwa kuwa ndiye mkubwa. Ndani hamkuwa na kitu ila vyeti vyetu vya ubatizo, lakini mimi ndiye niliyemuuguza baba, na niliona nimenyang'anywa. Nathaniel alikuwa amelifungua lile kufuli, vipande vyote viko juu ya mkeka avisafishe, nikainama mbele ya watu, nikachukua saa moja nikatia mfukoni, nikamwambia, "Sasa funga, tuone."

Tangu hapo kila mwaka alituma mtu kwangu Butula kuniomba saa hiyo, na kila mwaka nilimrudisha huyo mtu mikono mitupu, mara moja nikamwagizia kwamba kama yeye ni fundi kweli avuke Uganda akanunue nyingine. Sitaficha kwamba nilifurahi kujua iko kazi moja aliyoshindwa kuimaliza kwa sababu yangu.

Mnamo Machi 2023 alipatikana na ugonjwa wa figo, akawa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, hadi tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, alipoaga dunia hospitalini Busia. Sikwenda kumwona.

Jumatano iliyopita nilimletea Millicent ile saa, nimeifunga kwa kitambaa. Hakunikaribisha kiti, alinipeleka moja kwa moja kwenye sefu, akafungua mlango, muda wake ukiwa umekwisha, nikaona kufuli limeunganishwa lote, saa mbili ziko mahali pake, na nafasi ya ile ya tatu imepanguswa na kutiwa mafuta.

"Shemeji," akasema, "saa moja peke yake inatosha hilo kufuli, zingine ni za akiba. Nyumba hii haijakosa kufunga sefu hata siku moja."

Nikamuuliza kwa nini basi Nathaniel aliniomba saa hiyo mwaka baada ya mwaka.

"Wewe ungekuja kwa sababu gani nyingine? Irudishe Butula. Na uyaandike hayo, uyasome."

Nimeyasoma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka miwili, majirani waliochimba kaburi, mafundi wenzake wa Malaba waliofunga kazi leo ili wawe hapa, na Mama Edinah, aliyeniruhusu kusimama mbele yenu, ingawa hajaniruhusu kuketi na familia, na kwa hilo simlaumu.

Nathaniel, ulinitumia watu mara tisa, sikuja. Pumzika kwa amani, kaka yangu.