Nani Mwenye Usugu?

Ndani ya basi, mama mmoja mfuga kuku, mkono umefungwa bandeji, alimgeukia muuguzi aliyekaa naye. "Mwanangu, daktari kanitukana. Eti nina usugu! Na uzee wangu huu?"

Msichana wa kiti cha nyuma, aliyesikia yote, akajifanya anatazama nje.

"Hakukutukana, mama. Wadudu wa kidonda chako ndio sugu. Dawa haziwaui tena."

"Zisiwaue kwa nini? Ndizo hizohizo nawatilia kuku kwenye maji, waugue wasiugue. Nami nikikohoa nameza mbili."

"Basi umewazoesha wadudu hizo dawa."

"Wamenizoea kuliko wanangu!" Mama alicheka peke yake. "Binti yangu kajifungua. Kasema nisiende kwake mpaka nipone. Nikimbeba mjukuu kidogo tu, je?"

"Wakimhamia mtoto, mama, tutamtibu kwa dawa gani?"

"Nyumbani naongea na kuku tu, mwanangu."

Muuguzi akaitazama bandeji yake. Msichana wa nyuma akaacha kutazama nje.

Basi likasimama. Mama akainuka. "Nitakaa uani kwao, wafungue dirisha nimsikie akilia. Kusikia nako kunaambukiza?"

Muuguzi akakunja miguu, akampisha.