Moshi wa Kivuko Dirishani Kwetu: Risala ya Wakazi wa Nyuma ya Gati

Mgeni rasmi, wewe unayesimamia bandari zetu zote, viongozi ulioambatana nao, na majirani mliobeba viti kutoka majumbani:

Kuna chumba kimoja ghorofani, hapo nyuma yetu, ambamo kila usiku kijiko cha chai huachwa ndani ya glasi tupu. Giza likiwa bado zito, kabla mlango wowote haujafunguliwa, kijiko hicho huanza kulia: ti-ti-ti-ti. Hakuna aliyekigusa. Ni injini ya kivuko imewashwa, na ukuta mzima unatetemeka. Mama mwenye chumba huruka kitandani, hufunga dirisha na kubana taulo lililoloweshwa chini ya mlango, moshi usije ukamkuta mwanawe amelala. King'ora hicho alikibuni mtoto mwenyewe. Tangu hapo mtaa mzima unamwita Kijiko, na mama yake Mama Kijiko.

Tumeanza na sauti hiyo kwa sababu leo, mheshimiwa, hutaisikia.

UKARIBISHO

Karibu sana. Tumefurahi kukuona kuliko watu wanavyofurahia wageni kwa kawaida, na sababu tutaifikia. Ukisikia sauti ya msomaji wetu inakwaruza, si woga. Ni kifua.

HISTORIA

Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa gati, enzi ambazo vivuko vilikuwa vidogo na vikilala ng'ambo. Kisha kikaja hiki kikubwa, kinacholala kwetu. Tulikipokea kwa shangwe. Siku hizi tunakiita Babu Sigara.

Jenereta yake ndogo ilikufa zamani. Basi injini kubwa, ile ya kusukuma chombo chenye malori, huwashwa gizani na kuachwa inanguruma mpaka abiria wa kwanza wapande, ili taa ziwake, pampu ivute maji na simu za walinzi zipate chaji. Ni sawa na kuwasha lori ili upate mwanga wa kutafutia viatu.

Mama Kijiko anafua nguo za watu. Wakati huo alikuwa akiishi chini, na kamba yake ya kuanikia ilielekea gatini. Masizi yalimnyeshea. Karani mmoja alimrudishia shati jeupe akamuuliza, “Dada, hili umelifua au umelikaanga?” Mama Kijiko alicheka, akalifua upya. Kicheko kiliisha mtoto alipoanza kupumua kwa mluzi.

Tulilalamika, na tukasikilizwa: bomba la moshi likaongezwa urefu. Ila Mama Kijiko alikuwa ameshachoka kungoja, ameshahamia juu. Bomba jipya liliishia usawa wa dirisha lake. Sisi siku hiyo tulipiga makofi, tukasoma na risala ya shukrani. Injini ikawashwa, moshi ukaruka ghorofa ya chini kama tulivyoahidiwa, ukaingia ya juu. Jirani wa chini akapaza sauti kutoka uani, “Mama Kijiko, umeufuata mwenyewe huko!” Walicheka wote wawili, mpaka wakasikia mtoto anakohoa.

MAFANIKIO

Mafanikio yapo, tusiwe wachoyo. Sheria ya moshi wa vyombo vya majini ipo. Wale tunaosoma darasa la jioni tumesomewa na mwalimu wetu, na imeandikwa vizuri. Wakaguzi wanakuja na kipimo chao. Babu Sigara hajawahi kufeli, na cheti chake kimetundikwa dirishani pa kukatia tiketi, ndani ya fremu ya dhahabu.

Pia lipo sanduku la umeme wa gatini, hilo hapo nyuma ya kiti chako. Kivuko kikishafunga kamba, kinatakiwa kichomeke waya hapo na kuzima injini. Alilizindua mgeni rasmi aliyekutangulia. Utepe wake ungalipo. Ndege wameujengea kiota.

CHANGAMOTO

Waya haukuletwa. Watu wa umeme wanasema waya ni wa kivuko. Watu wa kivuko wanasema ni wa gati. Watu wa gati wanasema tukawaulize watu wa umeme. Tumezunguka mpaka walinzi wa mageti wanatuuliza hali za watoto wetu.

Na hicho kipimo, mheshimiwa. Wakaguzi hutoa taarifa kabla ya kuja. Kwa heshima ya wageni, injini hupashwa moto mapema, hutiwa dizeli safi kutoka dumu la pembeni, na hupimwa kivuko kikiwa kitupu. Lakini moshi mweusi tunaoujua sisi ni wa injini baridi, na wa injini iliyobebeshwa malori. Fundi wa kivuko asilaumiwe. Ni jirani yetu na anafanya anachoagizwa. Akitoka kazini hupita kwa Mama Kijiko kuomba radhi, na Mama Kijiko humpa chai, maana fundi naye ana wanawe wanaokohoa.

Sasa muuguzi wa zahanati amemwambia Mama Kijiko bila kuzunguka: moshi ukome, au mtoto aondoke. Mwezi huu ukiisha bila mabadiliko, Kijiko anapelekwa kwa bibi yake, safari ya siku nzima. Mama hawezi kumfuata, kazi yake iko hapa. Nguo za mtoto zimeshakunjwa, zimo begini chini ya kitanda. Kila akisikia fununu ya waya, mama hulifungua begi akazitoa. Fununu ikipoa, huzikunja tena.

MAOMBI

Tunaomba waya. Mwenzetu mmoja alitaka tuongezee ukumbi na uwanja wa mpira. Tumemkatalia, ukumbi ungejaa moshi tu. Waya uletwe, jenereta ndogo itengenezwe, na injini kubwa izimwe kila kivuko kinapofunga gatini.

Tunaomba pia wakaguzi waje bila kupiga hodi, injini ikiwa baridi, na warudi kukipima kivuko kikiwa kimepakia malori. Na ile dizeli ya wageni, iliyo kwenye dumu la pembeni, ndiyo iwe dizeli ya kila siku. Mapafu yetu hayana siku ya wageni.

Tulishauriwa tuandike kwamba tunaomba kwa unyenyekevu. Unyenyekevu tuliuleta mara ya kwanza, tukauleta na mara ya pili. Safari hii tumebakiwa na uchovu. Tafadhali upokee huo.

DUA

Mungu akurudishe nyumbani salama, akupe pumzi ndefu, na watoto wa nyumba yako walale mpaka kuche. Ni sisi, wakazi wa nyumba za nyuma ya gati.

Hapo tulikuwa tumemaliza kuandika. Lakini juzi, kwa ajili ya ziara yako, Babu Sigara alizimwa akavutwa hadi gati la pili, apakwe rangi. Usiku ule kijiko hakikulia. Mama Kijiko aliamka gizani kwa mazoea, akasimama katikati ya chumba na taulo lake mkononi, akisubiri. Mtoto alikuwa amelala chali, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua kimya kabisa, mpaka mama akainama kuhakikisha. Kisha akakaa sakafuni kando ya kitanda, akamsikiliza mpaka kukapambazuka.

Asubuhi mtoto alitaka kujua moshi umekwenda wapi. Mama yake akamwambia kuna mgeni anakuja, ndiyo maana. Kijiko akaitazama glasi yake, akasema:

“Mgeni asiondoke.”