Okidi Iliyozibwa Tundu

SENKA: [kwa sauti nzito, amebana pua] Haloo. Hapa ni Ofisi Kuu ya Ukaguzi wa Maua, tawi la Novi Sad. Tunaomba kuzungumza na raia Radojka.

BIBI RADOJKA: Hayupo. Amekwenda kumzika mjukuu wake aliyekufa kwa utundu.

SENKA: Bibi! Umenijuaje?

BIBI RADOJKA: Ukiendelea kubana pua itabaki hivyo hivyo, halafu nani atakuoa? Umekula?

SENKA: Shikamoo, Bibi. Nimekula.

BIBI RADOJKA: Marahaba. Umekula nini?

SENKA: Maharage ya bweni. Yalizaliwa kabla ya matroni. Sasa sikiliza, salio langu —

BIBI RADOJKA: Maharage na nyama?

SENKA: Nyama ilipita karibu. Bibi, salio langu dogo, nisikilize. Nakuja kesho kuchukua okidi yangu. Maonyesho ni Jumamosi. Imechanua yote?

BIBI RADOJKA: Imechanua. Maua meupe, kama wasichana wa kwaya. Yananitazama nikila supu.

SENKA: Yote? Hata lile la mwisho kabisa, nchani?

BIBI RADOJKA: Hata hilo.

SENKA: [anapiga yowe] Bibi! Mwalimu Bogdan alisema waamuzi wa kundi letu wanatazama maua, basi. Nikishinda, mwezi wa tisa niko Uholanzi! Mwaka mzima kwenye mabanda ya vioo ya maua! Watanilipia —

BIBI RADOJKA: [mkwaruzo] Haloo? Haloo? Laini mbovu leo.

SENKA: Nakusikia vizuri mbona.

BIBI RADOJKA: Mimi sikusikii. Ulikuwa unasema maharage.

SENKA: Nilikuwa nasema Uholanzi.

BIBI RADOJKA: [mkwaruzo] Unaona? Inakatika.

SENKA: Ajabu, inajua na pa kukatikia. Haya. Majani yakoje?

BIBI RADOJKA: Majani yamechoka kidogo.

SENKA: Yamechoka vipi?

BIBI RADOJKA: Kama masikio ya mbwa wa jirani Miloje.

SENKA: Bibi, yule mbwa masikio yanaburuza chini!

BIBI RADOJKA: Usinipigie kelele. Nimeona imelegea, nikasema ina kiu, nikaiongezea maji. Kila asubuhi namwagilia kabla sijanywa kahawa. Wewe mwenyewe sikupi maji kabla ya kahawa yangu.

SENKA: Kila asubuhi? Nilikwambia mara moja kwa wiki! Haya, maji ya ziada yanatokea tunduni, si ndiyo? Ukimwaga, yanatoka pale ubavuni?

BIBI RADOJKA: Tundu gani?

SENKA: Tundu la kopo, Bibi. Ubavuni, vidole viwili kutoka chini. Nililitoboa na sindano yako ya kufumia niliyoipasha moto kwenye jiko, ukanifukuza na mwiko mpaka kwa Miloje.

BIBI RADOJKA: Ahaa. Lile. Lile nimeliziba.

SENKA: Umeliziba.

BIBI RADOJKA: Vizuri sana. Kizibo cha chupa ya pombe, rakija, nikakichonga kwa kisu mpaka kikakaa. Juu yake nikapaka nta ya mshumaa wa slava, sikukuu ya mtakatifu wetu, naye asaidie.

SENKA: Bibi. Nauliza kwa unyenyekevu mkubwa, mikono nimeiweka nyuma kama mbele ya mkuu wa shule. Kwa nini?

BIBI RADOJKA: Promaja.

SENKA: Hapana. Hapana, usi —

BIBI RADOJKA: Dirisha lile, tundu hili, upepo unapenya katikati, ndiyo promaja. Mjomba wako Sreten alikaa kwenye upepo huo dakika moja, shingo ikageukia kanisani wiki nzima.

SENKA: Mmea hauna shingo!

BIBI RADOJKA: Una shingo ndefu kuliko yako. Si ndiyo imebeba maua?

SENKA: Lakini tundu ndiyo pua yake, Bibi! Zile kokoto za koponi si za barabarani, ni udongo uliochomwa, una vishimo vishimo. Maji yanakaa chini tu, mpaka usawa wa tundu. Kokoto zinayanyonya kidogo kidogo kupanda juu, mizizi inakunywa inavyotaka na hewa inaipata. Ukiziba, maji yanapanda mpaka shingoni. Mizizi inazama! Majani yanalegea kwa sababu hakuna kinachonywa tena, na wewe unaona kiu, unaongeza —

BIBI RADOJKA: Mimi nimepanda vitunguu miaka yote, hakuna kitunguu kilichoniomba pua.

SENKA: Chomoa kizibo. Sasa hivi.

BIBI RADOJKA: Kitambaa changu cha mezani —

SENKA: Chomoa, Bibi!

[kishindo, maji yanamwagika, kiti kinaburuzwa]

BIBI RADOJKA: Haya, kimetoka. Yametoka yote. Mama yangu.

SENKA: Yananuka?

BIBI RADOJKA: Kidogo.

SENKA: Kidogo kama nini?

BIBI RADOJKA: Kama pipa la kabichi ya chumvi mwezi wa nne.

SENKA: [kwa sauti ya chini] Basi imeoza.

BIBI RADOJKA: Usiseme hivyo. Maua mazima kabisa, hebu —

SENKA: Maua huwa ya mwisho kupata habari. Nilikwambia, Bibi. Nikakuonyesha, nikakushika mkono nikakipitisha kidole chako pale. Ukasema, ndiyo mwanangu.

BIBI RADOJKA: Nilisema ndiyo upande basi, lilikuwa linapiga honi.

SENKA: Miaka mitatu nimeilea! Nilihama nayo vyumba vitatu bwenini, nimeificha matroni asiione, chini ya kitanda na taa ya baiskeli! Nikaileta kwako kwa sababu dirisha lako lina jua, na wewe — ndani ya wiki tatu — na kizibo!

BIBI RADOJKA: Ni upepo, Senka.

SENKA: Upepo! Bibi, wewe harufu unaisikia kutoka uwanja wa pili. Ulijua mama amevuta sigara akiwa bado yuko kituo cha basi. Hukusikia hii iliyoko mezani pako?

[mkwaruzo]

SENKA: Bibi?

BIBI RADOJKA: Wiki ya kwanza niliziba kwa sababu ya upepo.

SENKA: Na wiki ya pili?

BIBI RADOJKA: Wiki ya pili ilianza kunuka.

SENKA: Na hukuchomoa.

BIBI RADOJKA: Baba yako alisema mwaka mmoja. Aende Vienna, apate pesa ya nyumba, arudi. Wewe ulikuwa hujaota hata jino, na mpaka leo hajarudi.

SENKA: Mimi nimeuliza kuhusu kizibo.

BIBI RADOJKA: Nami ninakujibu.

[mkwaruzo mrefu, hakuna anayelalamikia laini]

SENKA: [anapenga kamasi] Haya. Haya. Zimwage kokoto zote kwenye beseni. Polepole. Suuza mizizi kwa maji vuguvugu. Halafu bonyeza mmoja mmoja. Mgumu ni mzima. Unaotoa maji umekufa.

BIBI RADOJKA: Ngoja. [maji, kokoto zinagonga bati] Huu laini. Huu laini. Huu umebaki ganda tupu, kama soseji iliyoliwa ndani. Huu laini. Senka, unalia?

SENKA: Ni mafua. Endelea.

BIBI RADOJKA: Huu mgumu.

SENKA: Kweli?

BIBI RADOJKA: Mgumu, kijani nchani. Na kuna mwingine, mdogo kama mkia wa panya. Nao mgumu.

SENKA: Miwili tu?

BIBI RADOJKA: Miwili.

SENKA: Chukua mkasi. Uuchome kwenye moto kwanza. Kata iliyooza yote, pale ulipokata upake unga wa mdalasini.

BIBI RADOJKA: Mdalasini ninao. Naona hapa mmea unakula vizuri kuliko bweni lako. Nimekata. Nini tena?

SENKA: Sasa kata shina la maua.

BIBI RADOJKA: Lipi?

SENKA: Bibi, usinifanye niseme mara mbili. Mizizi miwili haiwezi kulisha majani na maua yote hayo. Ukikata maua, nguvu itarudi chini, itaota mizizi mipya, itaishi. Ukiyaacha, itayalisha mpaka ijimalize.

BIBI RADOJKA: Na maonyesho?

SENKA: Hakuna maonyesho.

BIBI RADOJKA: Na kule... kule kwenye vioo?

SENKA: Kata tu, Bibi. Si ndicho ulichokuwa uki —

BIBI RADOJKA: Malizia.

SENKA: Sikusema kitu.

BIBI RADOJKA: Ulisema. Nimesikia mpaka nusu, na nusu hiyo inatosha.

SENKA: [mlio mfupi: tii] Salio linaisha. Kata, tafadhali. Chini kabisa, juu ya kifundo cha pili.

BIBI RADOJKA: Yakiachwa, yatafika Jumamosi?

SENKA: Yatafika. Lakini mwezi ujao majani yatakuwa yameanguka yote. Itakufa.

BIBI RADOJKA: Na waamuzi wanatazama maua.

SENKA: Bibi, usianze —

BIBI RADOJKA: Nijibu.

SENKA: Wanatazama maua. Lakini mimi nataka iishi!

BIBI RADOJKA: Nami nataka mengi. [tii] Sikati.

SENKA: Bibi, we! Kwanza unaizamisha, sasa unakataa kuiokoa? Kila ninachosema wewe unafanya kinyume! Kata!

BIBI RADOJKA: Sikati. Nairudisha kwenye kopo lake, na kokoto zake, na tundu wazi. Shina nimelifunga kwa uzi lisivunjike njiani.

SENKA: Itakufa kwangu mkononi!

BIBI RADOJKA: Ife baada ya Jumamosi. Lawama nipe mimi, nina mahali pa kuiweka. [tii, tii] Sasa nisikilize. Usingoje mchana. Panda basi la kwanza.

SENKA: La kwanza linaondoka gizani, geti letu halija —

BIBI RADOJKA: Uliweza kuficha okidi chini ya kitanda, geti litakushinda? Njoo mapema, Senka. Mkasi uko hapa mezani, tumebaki mimi na huo mkasi na haya maua mpaka asubuhi, na mimi sijiamini kwamba sitayakata. Umenisikia? Mapema.

SENKA: Bibi, nakuja na basi la kwan —

[Salio limekwisha.]