Nilivyoufuata Mshahara wa Konsolata

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasikia sauti chache. Asifiwe tena, hata ninyi mlioegemea mlango!

Mimi ni Silasi, seremala wa Gisozi, nyumba yangu iko Nyakabanda. Shule niliiacha darasa la tatu, kule Buyenzi, Bujumbura, wazazi wetu walikokimbilia. Kwa hiyo haya nimeyaandika polepole, siku nne, na mke wangu amenyoosha herufi tu. Maneno hakugusa. Nilimkataza, maana kuna watu nitawataja kwa majina, na yeye ana huruma kuliko mimi.

Mke wangu ni Konsolata, mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Zamani alifundisha upande wa Kanombe. Asubuhi mabasi mawili, jioni mabasi mawili, anafika nyumbani miguu imevimba. Mimi ndiye niliyemsukuma: "Omba uhamisho, mama, utafia njiani." Akaomba, akapewa shule ya karibu na nyumbani, tukamshukuru Mungu. Hatukujua kwamba mwalimu akihama wilaya, jina lake linafutwa kule mara moja, na huku haliandikwi mpaka bajeti ya nafasi yake itoke. Haikutoka. Wilaya ilikuwa imepungukiwa.

Muhula wa kwanza ukapita, na wa pili. Konsolata anaamka, anapiga pasi blauzi, anakwenda kufundisha. Hajalipwa hata faranga moja. Dukani, Mama Zuhura alitukopesha sukari pamoja na maneno ya kuchoma: "Mwalimu, watoto wetu unawafundisha kuhesabu, na wewe mwenyewe unahesabu nini?" Watu wanacheka. Konsolata anacheka nao. Mimi sikucheka.

Ndugu zangu, Mungu aliniumba mdadisi. Mlango ukikataa kufunga siupigi teke. Natazama bawaba, natazama fremu, natafuta. Nikajiuliza: huu mshahara unakaa wapi? Kitu kilichokuwepo jana hakiwezi kuwa moshi! Nikaenda kuufuata. Mwalimu mkuu, Gaspari, akasema uko wilayani. Tena huyohuyo Gaspari alimwambia mke wangu anyamaze, asionekane hana nidhamu. Namtaja Gaspari, wala sijutii. Wilayani wakasema uko wizarani. Mwingine akasema uko benki. Mwisho wakanielekeza kwa Evariste, anayeshika orodha za walimu.

"Mzee, uko kwenye sistemu," akaniambia.

"Hiyo sistemu mlango wake uko upande gani? Nikabishe hodi."

"Rudi wiki ijayo, mzee."

Nikarudi. Nikarudi tena. Wiki sita, neno ni lilelile. Udadisi wangu ukaanza kuoza. Nikajua Evariste anakunywa chai saa ngapi, pikipiki yake anaiweka wapi, jioni anatokea mlango upi. Mimi nimepona vita, nimepona kambi, nimepona njaa, na mtu aliyepona hayo yote hudhani anajua namna ya kumaliza jambo.

Siku moja nikakuta juu ya meza barua ya Konsolata ya kuacha kazi. Mwandiko wake mzuri, ule anaowafundisha watoto. Nikatia patasi ndani ya koti, nikaenda wilayani. Nisiwafiche, ndugu zangu: siku hiyo sikwenda kuuliza.

Evariste alikuwa peke yake. Nilimkuta anavuta droo ya meza yake kwa mikono miwili, imekwama, jasho linamtoka. Mkono wangu ulikuwa umeshashika mpini. Akainua kichwa, akauona ule mpini unachungulia kwenye koti, akapaza sauti kwa furaha:

"Ee, kumbe wewe fundi! Mungu amekuleta! Njoo unisaidie hapa."

Mungu amekuleta! Mimi? Sijui hadi leo niliangushwa au nilipiga magoti mwenyewe, lakini nilijikuta chini, mbele ya meza ya adui yangu, nachonga ubavu wa droo yake. Patasi ikafanya kazi yake.

Nikiwa pale chini nikamwambia, "Sasa niambie ukweli, usiniambie sistemu."

Labda kwa sababu sikuwa namtazama usoni, akasema. Wilaya ilikuwa imesaini imihigo, zile ahadi za mwaka ambazo viongozi hupimwa nazo. Waliahidi madawati. Pesa hazikutosha. Wakachukua zile za nafasi za walimu ambao majina yao yalikuwa hayajaandikwa, wakalipia madawati.

"Hatukuiba, mzee. Tulichagua."

"Madawati gani?"

Akanigeuzia karatasi. Nikasoma kwa kidole. Karakana ya Damaseni, Gisozi. Damaseni ni bosi wangu.

Ndugu zangu! Mnakumbuka niliwahi kusimama hapahapa nikashuhudia jinsi Bwana alivyotupa kazi ya madawati, tena tukalipwa bila kuzungushwa? Mlipiga makofi. Nilitoa sadaka ya shukrani. Pesa nyingine niliinywea pombe. Ule ulikuwa mshahara wa mke wangu! Na yeye alikuwa anafundisha bure watoto walioketi juu ya kazi ya mikono yangu.

Nikalia. Nikamwambia Evariste yote, hata nilichokuja kufanya. Akarudisha kiti nyuma. Kisha akatafuta kalamu. "Mwalimu anaitwa nani?" Nikamtajia, akaandika, akapekua faili. "Hajaleta barua ya madai. Bila barua, kwetu hadai kitu, wala bajeti mpya haimwoni."

Miezi yote ile ilikuwa barua tu, na hakuna aliyemwambia! Kwa hilo namtaja Evariste. Nimemsamehe, lakini namtaja.

Nyumbani nilimwambia Konsolata kabla sijavua viatu. Alikuwa anasahihisha madaftari. Akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo aliyekuwa anakulipa ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Na hukuniletea hata kitenge."

Akaichukua ile barua ya kuacha kazi, akaigeuza, akaanza kuandika madai upande wa nyuma.

Mwaka mpya wa bajeti ulipoanza, jina lake likaingia. Sasa analipwa. Malimbikizo, yale tunayoyaita ibirarane, wameleta kipande. Kipande kingine bado. Nasema madhabahuni: bado! Kwa hilo msinipigie makofi. Na bado najiuliza kwa nini wilaya ikipungukiwa hupunguza kwanza kwa mwalimu. Nimemuuliza Bwana, naendelea kumuuliza, hajanifukuza.

Makofi yapigwe kwa sababu Evariste yuko hai, anarudi jioni kwa watoto wake, na mimi nimelala kwangu, sikulala gerezani. Asante Yesu! Yupo hapa anayemtafuta mkosaji wake? Mtafute, sikukatazi, ila mpe Bwana mkono wako wa kulia kwanza. Mimi nilitaja wawili, na wa tatu nilikuwa mimi.

Sasa naomba Konsolata asimame, pale kwenye benchi la kina mama. Simama, usione haya. Siku ile nilimshukuru Mungu kwa pesa yako, wewe umekaa palepale, na sikukutazama. Leo kanisa lote lisikie: asante, mwalimu.