Ufunguo Pindoni mwa Leso

Masalkheri wazazi wangu, na ndugu zangu mliopitia hapa kutoka kanisani. Nashukuru kwa kunipisha.

Mimi si mtu wa shuhuda. Nimeombwa mara tatu kusimama hapa nikatafuta udhuru, kwa sababu shuhuda nyingi nilizozisikia huishia mahali pazuri mno, na mimi nina tabia mbaya ya kuuliza nini kilifuata watu walipokwisha kupiga makofi. Leo nimesimama kwa sababu moja. Mwezi uliopita, mkutano wetu huu wa wazazi ulipokwisha na tukawa tunavaa viatu pale mlangoni, mmoja wetu aliniuliza kufuli ya aina gani inafaa mlango wa chumba cha mtoto wake. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza dawa ya kikohozi. Sikumjibu. Simtaji, na nawaomba msitazamane. Haya nitakayosema ndiyo jibu lake.

Nina dada mmoja, mdogo wangu. Kwetu ni Kibokoni, nyumba ya ghorofa. Mama anapika mahamri ya kuuza chini, chumba cha dada kiko juu. Dada yangu hazungumzi sana. Ukimsalimu hukurudishia salamu yako mwenyewe, kwa sauti yako. Kitu kilichokaa mahali leo, kesho lazima kiwe pale pale, la sivyo huziba masikio na kuyumba mpaka kirudi. Majirani walisema ana jini. Mama akampeleka kusomewa, akanyweshwa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, akafukizwa. Mimi, niliyekuwa chuo kikuu Nairobi, niliyacheka mambo hayo kwenye barua. Jina la hali yake nililikuta katika kitabu cha maktaba, otizimu, yaani usonji, nikalileta nyumbani likizo ile kama mtu aliyeleta zawadi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa unga, kisha akaniuliza, "Sasa ukishalijua jina, yeye atapata nini?"

Nilidhani mama hajaelewa. Ndugu zangu, nawaambia, aliyekuwa hajaelewa ni mimi.

Mwaka uliofuata chuo kilifungwa kwa mgomo, nikarudi kukaa. Dada alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa ameanza kutoka peke yake mchana. Siku moja, baada tu ya Maulidi, nikasikia makelele kichochoroni. Wanawake wanne walikuwa wamemkamata mikono, mdomo unamtoka damu. Walisema anaanua leso za watu kwenye kamba. Si nguo nyingine, leso tu, tena moja moja. Nyinyi wa mjini mwajua maana yake. Leso ya mwanamke ikipotea, watu hawamfikirii mwizi; wanamfikiria mtu anayetaka kumfanyia mwenyewe uchawi. Mmoja wao akamwambia mama, "Mzuie mwanao. Siku nyingine hatarudi kwa miguu yake."

Jioni ile nilinunua kufuli. Uchawi sikuuamini, lakini mikono ya watu niliiamini. Nilisema ni kwa usalama wake, na nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Nusu ya pili ni kwamba niliona haya kupita barazani watu wakinyamaza. Ufunguo ulikaa mfukoni mwangu. Wakati wa chakula na wa kwenda chooni ni mimi niliyefungua, na ni mimi niliyefunga.

Alikuwa akigonga. Mara tatu, anapumzika, mara tatu tena. Halii wala haiti mtu. Wateja walipouliza, mama aliwaambia kuna fundi juu. Mimi nilikaa chini nikisoma gazeti huku mlango ukigongwa juu ya kichwa changu, na baada ya miezi miwili nikawa siusikii tena, kama mtu asivyoisikia saa ya ukutani.

Halafu, Rajabu ilipoingia, kukawa kimya. Kimya hicho ndicho nilichokisikia. Nilipanda, nikamkuta ameketi sakafuni na leso yake mapajani. Alikuwa ameichomoa uzi mmoja mmoja. Ule mji wa katikati ulikuwa umekwisha, limebaki pindo tu limezunguka tundu kubwa, na kando yake nyuzi zimelazwa zimenyooka kama nywele zilizochanwa. Hakuinua macho.

Mwajua nilifanya nini? Nilifunga tena. Nataka mlisikie hilo, maana ndilo watu wanaloliruka wakisimama mahali kama hapa. Niliona, nikafunga, nikashuka, nikanywa chai.

Wiki hiyo akaja mwanamke mmoja wa mtaani kwetu kuagiza mahamri ya harusi. Alikuwa mmoja wa wale wanne. Kazi yake ni kukata na kupinda leso. Ana kijiduka chake Biashara Street, na wasichana wawili wa cherehani. Alisema kuna leso yake moja haijarudi tangu siku ile, naye anaitaka. Mama akapanda nami, tukatazama chini ya kitanda. Zilikuwa leso sita, zimekunjwa mbili mbili. Miezi minne, na hakuna aliyeinama kuangalia pale.

Yule mwanamke alizifunua mapajani mwake. Kila mbili zilikuwa za doti moja, jozi iliyouzwa pamoja, pindo moja, mji mmoja, ila moja imepauka na mwenzake bado ina rangi. Akakaa kitako ngazini. Akatuambia ile iliyopauka ni yake, na nyingine ni ya somo yake, rafiki yake mkubwa, waligawana doti ile wakiwa wasichana, kila mmoja kipande, kama wafanyavyo wanawake wapendanao. Somo yake anakaa vichochoro vitatu mbali. Dada yangu aliona kipande kwenye kamba huku na kipande kwenye kamba kule, na hakuweza kustahimili vikae mbalimbali.

"Hakuiba huyu," alisema. "Alikuwa akizirudisha kwa wenzao." Kisha akanigeukia mimi, si mama. "Na wewe uliyesoma, ulimuuliza alikuwa akienda wapi nazo?"

Mimi niliyeuliza kila kitu. Nilihoji wahadhiri, nikahoji masheikh, nikahoji serikali mpaka nikapigwa moshi wa machozi. Swali hilo moja sikuliuliza.

Kesho yake yule mwanamke alirudi na furushi. Wakati wa harusi, leso za watu wengi hukatwa na kupindwa kwa pamoja, nyingi zafanana, zikishapindwa huchanganyika, na mwenye mali akipata kipande kisicho mwenzake huo ni ugomvi wa mwaka mzima. Alilimwaga furushi mbele ya dada yangu bila kumsemesha. Chai ya mgeni haijapoa, leso zote zilikuwa zimekaa mbili mbili, na mbili dada ameziweka kando. Yule mwanamke alizitazama sana, mpaka akaona rangi ya pindo imepishana kidogo. Wasichana wake walikuwa wamezipinda kama doti moja.

Akamchukua kazini kwake, lakini haikuwa rahisi baada ya hapo. Kelele za cherehani zilimtia wazimu, ikabidi meza yake ihamishiwe ukumbi wa nyuma. Mteja mmoja alimpokonya leso mkononi, dada akapiga ukelele uliosimamisha mtaa. Yule mwanamke hakumrudisha nyumbani. Aliandika sheria moja akaibandika ukutani, kwamba mtu asiguse kilicho mezani kwa binti huyu mpaka amalize. Kwa muda mrefu alimpitia mwenyewe asubuhi, wakenda njia moja, upande mmoja wa njia. Na wale wanawake wa barazani, wakiwemo waliompasua mdomo, wakakubaliana kumsalimu kila mmoja kwa neno lake lile lile kila siku, ili neno likikosekana ajue amepotea.

Ikafika siku ya kwenda peke yake. Nilimfuata kwa mbali, nikijiambia namlinda. Alipita baraza ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu akasimama, akaziba masikio, akaanza kuyumba. Nikasogea. Akazidi. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchele akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Mwanangu, kinacholia mfukoni mwako ni nini?"

Ulikuwa ule ufunguo. Kufuli nilikwisha kuing'oa mlangoni, lakini ufunguo nilibaki nao, sijui kwa nini, na ulikuwa ukigongana na ule wa nyumba kila nilipopiga hatua. Dada yangu alikuwa ameusikia toka tulipotoka.

Yule bibi alinyoosha mkono. Nikampa. Akaufunga pindoni mwa leso yake, mafundo mawili, akaniambia nirudi nyumbani. Nilirudi. Dada yangu akafika kazini, na amefika kila siku ya kazi tangu hapo, huu mwaka wa tatu.

Nawashukuru kina mama wa baraza zile. Namshukuru yule wa leso, aliyekuja kudai chake akaishia kunidai mimi. Namshukuru mama yangu kwa swali lake la jikoni.

Lakini sitawadanganya. Mlango wa chumba kile hauruhusiwi kufungwa, dada ameuwekea jiwe. Matundu ya misumari bado yapo. Siku ya mshahara dada yangu hununua halua, fungu la mama humpa mkononi, fungu langu huliweka sakafuni kwenye kizingiti, nje, pale nilipokuwa nikimwekea sahani yake. Sijui kama ni zawadi au ni ukumbusho, na yeye si mtu wa kueleza. Mimi huinama nikaokota, nikala. Na kuna siku naketi chini na gazeti, nyumba imetulia, nasikia mara tatu.

Basi, ndugu yangu uliyeniuliza. Kufuli zipo za kila aina, na zote zafunga vizuri. Mtoto wako akitoka, muulize anakwenda wapi. Asipojibu, vaa viatu umfuate, na funguo uziache nyumbani.