Kola za Jukwaani

Benchi langu la kahawa liko mbele ya nyumba yangu, mkabala na karakana ya reli hapa Thiès. Wateja wasiobanduka ni wawili: Redio, asiyezimika, na Hakimu, aliyewahi kufagia mahakama. Alasiri ile mwanangu Maguette alikuja kuniomba gauni langu la harusi. Ameanza kujifunza maigizo kwenye nyumba ya utamaduni, na jioni angepanda jukwaani kwa mara ya kwanza, akiigiza bibi harusi. Maleba hawana. Nikamwambia asubiri ndani nifikirie. Kosa langu, benchi zima lilisikia.

— Mama Maguette, bwana harusi nani? akauliza Redio.

— Birane, wa kwa Ndiaye.

— Ndiaye! Hakimu akaruka. Sisi akina Diop tumuoze binti kwa watani, walafi wa wali?

— Nyamaza, mtumwa wangu, akasema Redio, ambaye ni Ndiaye, kwa utani ule ule wa koo zao. Bwana wako anakunywa kahawa.

— Ni igizo tu, nikasema.

— Kola zitagawiwa? akauliza Hakimu, maana kwetu hakuna ndoa bila kokwa hizo.

— Mwongozaji amezinunua. Anasema ni vifaa vya jukwaani.

— Za udongo?

— Za kweli.

Wakatazamana.

— Basi hiyo ndoa, akasema Hakimu. Ndoa haina mzaha. Kola zikitafunwa mbele ya mashahidi, imefungwa!

— Na mashahidi wamewabatiza jina, eti hadhira, akadakia Redio. Huyo mwongozaji ni mjomba wake Birane, nakwambia!

— Na pazia? Kwa nini walifunge mwishoni? Nyuma yake kuna mlango. Nje kuna gari. Alfajiri binti yuko Dakar, anamkandia mama mkwe miguu!

— Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Mgema nani hapa?

— Sijui. Ila tembo nalinusa.

Sikucheka. Zile kola za kweli zilikuwa zimenikaa rohoni. Nikaanza kutafuta maneno ya kumkatalia mtoto.

Muuza mikate, mgeni mtaani, alikuwa ametua kikapu chake na kuomba kikombe. Akanywa, akasikiliza, akauliza:

— Hao mashahidi. Nani kati yenu anakwenda?

Redio akatazama viatu vyake. Hakimu akapuliza kahawa iliyokwisha poa. Kisha wote wakanigeukia mimi, mama mtu, niliyekuwa nimepanga kuuza mpaka isha.

Birika lilikuwa nusu. Nikalimwaga mtaroni.

— Kahawa imekwisha, nikasema. Maguette! Lete pasi tulinyooshe gauni.