Hija Matar Mkadam, Aliyepita Bila ya Kuamkia

Ndugu, majirani na jamaa mliojaa hapa Bububu, barazani, uani na mpaka kwa jirani ambaye hakuulizwa, familia inakuombeni utulivu, ili tumsindikize mzee wetu kwa maneno kabla hatujamsindikiza kwa miguu.

Bwana Hija Matar Mkadam alizaliwa Kizimbani tarehe 3 Machi 1947, mtoto wa nne wa Mzee Matar na Bi Tabia, wachuma karafuu, akasoma huko huko, kisha mjini, ambako wenzake wanashuhudia kuwa alichelewa kila siku, kwa kuwa hakuweza kumpita mtu bila ya kumuuliza hali yake, ya mkewe na ya mbuzi wake. Mwaka 1970 aliajiriwa katika maabara ya hospitali moja mjini, na tarehe 8 Mei 1974 akamuoa Bi Mwanapili, wakajaaliwa watoto watatu, Ghaliya, Abdulrazak na Mize.

Februari 1999 hospitalini ilifunguliwa kambi ya upasuaji wa moyo, chini ya Daktari Amjad, mwana wa Mji Mkongwe aliyesomea ng'ambo, na pamoja nayo kikaja kijimashine cha kupimia lakteti, yaani ile asidi inayozidi katika damu pale mwili unapokosa hewa ya kutosha, ambayo moyo ukishashonwa, ikishuka ni heri, ikipanda ni hatari. Hija akapewa kazi ya kuichukua damu wodini na kuifikisha maabara, naye akaifikisha kwa adabu zake zote, sindano mfukoni, akisimama kila benchi kuulizana hali, na kumbe damu ikikaa kwenye joto huendelea kuzaa asidi yenyewe. Mara mbili Daktari Amjad alikimbilia wodini kumuokoa mgonjwa, akamkuta anakunywa uji.

"Mzee Hija," akamwambia, "mashine haina kosa. Salamu zako ndizo zenye homa."

Kesho yake Hija alikuja na chupa ya chai iliyojaa barafu ya muuza juisi wa Darajani, akatia sindano humo, akapita ukumbini macho chini, mdomo kaufunga.

"Hee! Hija, leo umeota mapembe?" akamfokea Bi Rukaiya, aliyekuwa akimsubiri mwanawe wa pekee, Qais, fundi wa kuchonga milango, miaka ishirini na sita, aliyepasuliwa asubuhi hiyo ya Jumatano, tarehe 17. Hija akakaza mwendo kuelekea maabara, na habari za kiburi chake zikafika Bububu kabla yake.

Qais alionekana mzima, presha nzuri, uso umenawiri, lakini lakteti saa saba mchana ilikuwa tatu, saa nane tano, saa tisa nane. Daktari alikuwa anavaa viatu aende kwenye biriani ya wageni.

"Umeamkia wangapi leo, Mzee Hija?"

"Hata mama yake sikumwamkia, Daktari, nshamuudhi mtu mzima kwa ajili ya damu hii. Ukitaka biriani, nnalala hapa mlangoni, uniruke."

Akalala kweli, na koti lake jeupe. Daktari akafungua chupa, akaona barafu haijayeyuka, akavua viatu. Kifua kilipofunguliwa tena, donge la damu lilikuwa limeukaba moyo, likatolewa, na lakteti ikateremka, sita, nne, asubuhi yake moja na nusu, na kila namba Bi Rukaiya akaipigia vigelegele mpaka wagonjwa wa meno wakaitikia.

Tangu hapo mpaka alipostaafu mwaka 2007, hapakuwa na daktari wa moyo aliyekwenda kula bila ya kumuuliza, "Hija, inashuka?" Naye akisema, "Mimi sipigi ramli. Namba moja haisemi kitu, tazama inakoelekea."

Aprili mwaka huu alipatwa na kiharusi, akauguzwa hospitali na nyumbani, akafariki Alhamisi, tarehe 12 Juni 2008, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na moja, mkono wake umo mkononi mwa Bi Mwanapili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa maabara, na majirani mliopika tangu jana. Qais, ambaye sasa ni baba wa watoto watatu, amedai bega la mbele la jeneza, na mama yake alipomwambia ajihadhari na moyo, amemjibu mbele yetu sote, "Mama, nshabeba milango ya mninga miaka tisa, leo nishindwe na Mzee Hija?"

Haya, Qais, inua. Nawe Mzee wetu, lala kwa raha, Mola akupokee.